Hiyo Presha Si ya Mtoto

Muhula wa tatu ukianza, Nairobi inaanza kuuza utulivu. Kando ya barabara kuna vitabu vya marudio vilivyopangwa juu ya gunia, kila kimoja kikijigamba kwamba maswali yake ndiyo yatakayotoka. Mwalimu fulani anafungua darasa la Jumamosi sebuleni kwake, mia mbili kwa kichwa. Kanisani kuna Jumapili ya watahiniwa: watoto wanaitwa mbele, kalamu zinainuliwa juu, seti za jometri zinaombewa. Shuleni analetwa spika wa motisha, msee wa suti inayong'aa, anawapigia watoto kelele saa mbili nzima kwamba wasiogope. Na usiku, nyumbani, mtu mzima anayempenda huyo mtoto kuliko kitu chochote anamwambia: "Ukianguka, mimi sijui hii sura yangu nitaiweka wapi."

Halafu tunashangaa kwa nini mtoto halali.

Hoja yangu ni fupi na niko tayari kuitetea mbele ya mzazi yeyote. Mtoto wa miaka kumi na minne hazaliwi na hofu ya mtihani. Anakopeshwa. Anakopeshwa na sisi, kidogo kidogo, kuanzia siku ile alipoleta nyumbani karatasi ya kwanza yenye wino mwekundu, na mwaka wa mtihani tunakuja kudai deni lote na riba. Ukitaka ajiandae kwa utulivu, kwanza mtoe hofu yako mgongoni mwake. Pili, mwambie ukweli kuhusu huo mtihani, wote, hata ule usiopendeza. Mengine yaliyobaki ni ufundi wa jioni, nitayafikia.

Najua mtauliza mimi ni nani wa kusema haya. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikatika, vibarua vya kuandika vikaanza kulipa kodi, sikurudi. Naishi na dada yangu mkubwa huku Umoja, na binti yake yuko Gredi ya 9. Dada yangu anauza mitumba na hufika nyumbani usiku akiwa amechoka hadi kwa mifupa, kwa hivyo jioni mimi ndiye huketi na huyo mtoto na madaftari yake.

Katika ukoo wetu nina cheo rasmi: mimi ndiye mfano. Wageni wakija, mtoto akishika simu dakika mbili, mtu anasema, "Endelea tu, utakuwa kama anti yako." Inasemwa nikiwa hapo hapo, nikiwamiminia chai. Hakuna anayeona haya, hata yule ambaye mwezi uliopita nilimwandikia barua ya kuomba kazi bila kumdai hata shilingi.

Upande wa pili, mtandaoni, kuna wasee wanaotaka kunipa cheo kingine. Kwao mimi ni ushahidi kwamba karatasi hazina maana, kwamba shule ni gereza, kwamba ukiwa na bando na ujanja utaomoka tu. Wananiambia nimwambie mpwa wangu atulie, mtihani si kitu.

Kazi zote mbili nimezikataa. Sitaki kuwa zimwi la kumtisha mtoto, na sitaki kuwa tangazo la biashara. Nitaanza na hawa wa pili, kwa sababu uongo wao una sauti tamu zaidi.

Wanaosema alama si kitu huwa wana kitu. Angalia vizuri. Mara nyingi huyo anayeandika hivyo mtoto wake yuko kwa mtaala wa Uingereza, shule yenye kidimbwi cha kuogelea, na KJSEA ataisikia tu kwa habari ya saa moja. Mtoto wa Umoja hana hiyo nafasi ya kudharau. Ameona shule ambayo maabara ni chumba chenye sinki moja na kabati lililofungwa kwa kufuli. Ameona pia, kwa picha za binamu yake, shule yenye maktaba, mabweni, uwanja wa nyasi na walimu watatu wa fizikia. Anajua kati ya hizo mbili kuna mtihani. Ukimwambia si kitu, hatatulia. Atajifunza tu kwamba wewe ni mtu wa kumdanganya, na ile hofu ataibeba peke yake, kimya kimya, asikuambie tena.

Kwa hivyo tuseme ukweli. Mtihani huu ni kitu. Lakini ni kitu gani hasa?

Ni hesabu ya viti. Imekuwa hivyo tangu zamani. Kabla ya uhuru watoto Waafrika walifanya mtihani ulioitwa KAPE, na viti vya sekondari vilikuwa vichache kiasi kwamba wengi walirudi nyumbani wakiitwa walioanguka. Baada ya uhuru majina yakabadilika hadi tukafika CPE. Mwaka 1985, pamoja na 8-4-4, ikaja KCPE, ikakaa hadi 2023. Sasa kuna KPSEA ya Gredi ya 6, iliyoanza 2022, na KJSEA ya Gredi ya 9, iliyofanywa mara ya kwanza 2025 na watoto zaidi ya milioni moja. Tangu 2018 serikali imesema kila mtoto aendelee mbele, kwa hivyo swali la leo si kama atapata shule. Swali ni shule gani. Zile tulizokuwa tukiziita za kitaifa sasa ziko kundi la C1, kisha C2, C3, hadi C4 za karibu na nyumbani. Ukiangalia majina ya juu, ni yale yale ambayo babu zetu waliyataja kwa sauti ya chini: Maseno iliyoanza 1906, Alliance iliyoanza 1926. Karne moja baadaye, nchi nzima bado inagombania malango yale yale.

Sasa, mtoto akijua hilo, kitu fulani kinalegea kifuani. Nimekiona. Mtihani wa kuchuja haupimi yeye ni nani. Watoto ni wengi, viti vizuri ni vichache, na lazima wenye viti watafute njia ya kusema hapana kwa wengi. Viti vingekuwa vingi, hiyo hapana isingehitajika, na huyo mtoto angekuwa na akili ile ile aliyo nayo leo. Hapana ya uhaba si hukumu ya akili. Mtoto wa Gredi ya 9 analielewa hili haraka kuliko mzazi wake, kwa sababu yeye bado anapanga foleni ya choo asubuhi kwenye ploti na anajua kwamba kuwa wa mwisho kwa foleni hakumaanishi wewe ni mchafu.

Kuna ukweli mwingine ambao wazazi hawamwambii mtoto, pengine kwa sababu wenyewe hawajauuliza. Hesabu ya kumpeleka Gredi ya 10 iko hivi: KJSEA ina asilimia 60. KPSEA aliyoifanya Gredi ya 6 ina asilimia 20. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zina asilimia 20 zilizobaki. Maana yake asubuhi ile anapoingia chumba cha mtihani, sehemu ya 40 kwa 100 imeshaamuliwa. Iko kwa mfuko. Hakuna mtu anayeweza kuichukua, na hakuna kulala saa nane usiku kutakakoiongeza.

Hiyo habari inakata pande mbili, sitaficha. Kuna watoto walioharibu KPSEA wakiwa na miaka kumi na miwili, na mtu mzima mwenye akili angeuliza kwa nini tunaanza kuwachuja wakiwa bado wanapoteza meno ya maziwa. Swali hilo liende kwa wizara, lisiende kwa mtoto. Kwa mtoto peleka lile linalomsaidia: hii si siku moja ya kufa na kupona. Wazazi wetu walikuwa na wiki moja ya KCPE. Yeye ana miaka.

Lakini sisi hatuwezi kuacha vitu vikae vizuri. Matokeo ya KJSEA hayatoi jumla moja kubwa kama zamani. Kila somo lina kiwango chake, kutoka BE2 yenye pointi 1 hadi EE1 yenye pointi 8. Waliopanga hivyo walitaka mzazi amwangalie mtoto somo kwa somo: hapa ana nguvu, hapa anahitaji mkono. Tukafanyaje? Tukachukua masomo 9, tukazidisha mara 8, tukapata 72, na siku ile ile simu zikaanza kulia: "Wako amepata ngapi kwa 72?" Tulikuwa na kiu ya ile 500 ya KCPE, tukaichimba mpya. Vile vile mwaka 2014 wizara ilisimamisha kuorodhesha shule kwa matokeo, na orodha zikahamia kwenye mabango ya malangoni, picha za watoto wamevaa tai, pointi zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Kila Mkenya wa umri wangu amekua akimwona kwa runinga yule mtoto aliyebebwa juu juu na kijiji kizima siku ya matokeo. Wachache wetu tuliwahi kujiuliza mwenzake wa dawati la pili alikuwa wapi saa hiyo.

Juzi nilimuuliza mpwa wangu anaogopa nini hasa. Nilidhani atasema hisabati, kwa sababu vipeo vinamsumbua. Hakusema hisabati. Alisema, "Anti, naogopa Mathe atalia."

Hakusema ataenda shule mbaya. Hakusema hataelewa swali. Mtoto amebeba machozi ya mama yake, machozi ambayo hata hayajalika bado, na tunataka aingie nayo chumba cha mtihani akatafute thamani ya x.

Usiku huo nikamwambia siz. Hakufurahi. Akaniambia, "Wewe ni rahisi kusema. Unataka nifanye nini, nijifanye sijali?" Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria kila siku tangu hapo. Yeye aliishia kidato cha pili. Kila asubuhi akifungua robota la nguo anakumbuka alipoishia. "Huyu akikosa, ni mimi nimekosa mara mbili. Na mimi, hiyo hofu yangu nani ananitoa?"

Hilo ndilo swali zito katika jambo hili lote, na naona hawa wataalamu wa malezi wa mtandaoni hawalijibu. Wanamwambia mzazi apumue, atabasamu, aweke maua mezani. Siz hana meza ya maua. Ana mkopo wa chama, kodi, na binti ambaye ndiye tikiti pekee ya familia. Hofu yake si ugonjwa wa akili. Nchi hii kweli inawatupa watu, na yeye ameonja kutupwa.

Jibu langu kwake ni hili, na nalitoa kwa mzazi yeyote aliye kama yeye. Hofu yako ni halali. Ina haki ya kusikilizwa. Lakini ina ukubwa wa mtu mzima, na lazima ibebwe na watu wazima. Ilete kwangu saa nne usiku tukiwa tunakunywa chai ya rangi. Ipeleke kwa wamama wa chama, wao wote wana watoto. Ipeleke kwa mchungaji, ndiyo kazi yake. Lia, ukitaka, kwa bega la mtu mwenye kitambulisho. Ila usimwambie mtoto ni kiasi gani umelipa. Usimwambie umeacha kununua viatu ili yeye asome. Hata kama ni kweli. Hasa kama ni kweli. Mtoto akisikia bei yake, hawezi kusahau, na deni ambalo hakuomba linakaa kwenye kila swali analolisoma.

Kuna wale watakaosema presha ndiyo ilitutengeneza. "Sisi tulichapwa, tukaamshwa saa tisa usiku, na tukapita." Naheshimu sana wazee, lakini hiyo hesabu ina shimo. Waliopita ndio waliopewa maikrofoni. Wale presha iliyowavunja hawaalikwi siku ya wazazi kutoa hotuba. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001 na hisabati haikufa. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilienda mbali zaidi. Kifungu cha 36 kinakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, iwe kwa mwili au kwa akili. Kifungu cha 37 kinasema mwanafunzi ana haki ya likizo yake na asilazimishwe tuisheni ya likizo. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Soma tena hiyo sheria. Mapumziko ya mtoto yanalindwa na sheria ya nchi. Wakati huo huo shule moja mtaani kwetu ilituma ujumbe likizo ya Agosti: "programu ya kuimarisha", shilingi 1,500, kila mtoto afike saa moja asubuhi. Jina limebadilishwa, kiti ni kile kile cha mbao. Wazazi karibu wote walilipa, wakinung'unika. Mmoja aliniambia tu, "Wenzake wakienda na yeye akae, akianguka nitajilaumu." Ndivyo hofu inavyouzwa: huogopi mtihani, unaogopa jirani.

Sasa ufundi wa jioni, kama nilivyoahidi. Huu si uchawi, na haugharimu 1,500.

Cha kwanza ni usingizi. Madaktari wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Kwetu vitabu vinafunguliwa saa moja na nusu jioni, vinafungwa saa tatu kasorobo. Saa tatu na nusu mtoto yuko kitandani, saa kumi na moja na nusu anaamka. Ndiyo hizo 8, kiwango cha chini kabisa, na hata hizo nimezipigania kama shamba. Mtoto anayesinzia juu ya kitabu saa sita usiku hasomi. Anaonyesha. Anawaonyesha watu wazima kwamba anateseka vya kutosha.

Cha pili ni kufunga kitabu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine waliyasoma tena na tena. Wengine waliyasoma, kisha wakafunga na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano wale wa kurudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wakawa nyuma, nyuma sana. Kilichonigusa mimi ni kwamba wale wa kurudia ndio waliojiamini zaidi. Kusoma tena na tena kunakupa raha ya kudhani unajua. Kwa hivyo mpwa wangu husoma ukurasa, anafunga, anaandika anachokumbuka kwa karatasi chafu, anafungua, anaona mapengo. Baada ya siku tatu anarudia bila kuangalia. Baada ya wiki, tena. Anachukia. Inafanya kazi.

Cha tatu ni daftari la makosa. Kila swali alilokosa linaingia humo, na pembeni anaandika sababu moja kati ya tatu: sikujua, sikuelewa swali, niliharakisha. Baada ya wiki sita tuligundua karibu nusu ya makosa yake ya hisabati yalikuwa ya haraka. Hebu fikiria. Mtoto alikuwa anaitwa mbumbumbu wa hesabu, kumbe tatizo ni kwamba amefundishwa kukimbia. Kosa likiwa na jina halitishi tena. Unajua linakokaa.

Cha nne ni mazoezi ya siku yenyewe. Jumamosi moja baada ya nyingine anafanya karatasi nzima ya zamani, saa iko mezani, simu iko chumba kingine. Jirani wa juu akiweka muziki, hatupandi kumgombeza. Siku ya mtihani pia kutakuwa na mbwa, pikipiki na mtu wa kukohoa. Tunapenda kufikiri utulivu ni kimya. Huku Umoja kimya hakuna, kwa hivyo anajifunza kutulia ndani ya kelele.

Cha tano ni hofu yenyewe, kwa sababu haitaisha yote. Mwaka 2011 Ramirez na Beilock wa Chicago walichapisha utafiti ambao baadhi ya waliopimwa walikuwa wanafunzi wa darasa la tisa, umri wa mpwa wangu. Waliwaambia, kabla tu ya mtihani, waandike kwa dakika kumi kila kinachowaogopesha. Wale waliokuwa na wasiwasi mwingi wakafanya vizuri kuliko wenzao wenye wasiwasi ambao hawakuandika hivyo. Wazo ni rahisi: kichwa kina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja, na hofu ikikaa humo inabana hesabu. Ukiiandika, inashuka kwa karatasi. Kwa hivyo ana daftari dogo la kijani. Silisomi. Mama yake halisomi. Siku ya karatasi ngumu ataandika humo kabla ya kutoka nyumbani, na daftari litabaki.

Mtagundua hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitano kinachohusu kumwambia mtoto "usiogope". Neno hilo halijawahi kumtuliza mtu. Mtoto akiambiwa usiogope na mtu ambaye mikono inamtetemeka, ataamini mikono.

Na mnisikie vizuri, haya yote hayamhakikishii C1. Anaweza kulala vizuri, kufunga kitabu, kuandika daftari la kijani, na bado aitwe shule ya kutwa yenye sinki moja. Hiyo ndiyo maana ya viti vichache. Ndiyo maana hasira yangu kubwa haiko kwa siz wala kwa wale wamama wa chama. Iko kwa nchi ambayo imebadilisha jina la mtihani mara kadhaa tangu uhuru na bado mtoto akipangiwa C4 familia inakaa kama iko matangani. Wekeni maabara huko. Pelekeni walimu wa fizikia huko. Siku shule ya karibu itakuwa shule nzuri, spika wa motisha atakosa kazi na sitamlilia.

Hadi siku hiyo kuna kazi ya kufanywa nyumbani, na nazungumza nawe unayesoma hii, ambaye pengine una miaka ishirini na kitu, huna mtoto, na unadhani haikuhusu. Inakuhusu. Kwa kila familia kuna mtu kama mimi na wewe: anti, anko, kaka mkubwa aliyekwama nyumbani bila kazi, binamu aliye chuoni. Sisi tuko katikati. Tunakumbuka mtihani, lakini hatujamlipia mtoto huyu karo, kwa hivyo hana deni kwetu. Hiyo ni nafasi adimu. Itumie.

Kwa kundi la WhatsApp la familia, mtu akiuliza mtoto anatarajia pointi ngapi, jibu wewe kabla mtoto hajaulizwa: "Anaendelea vizuri." Ikitosha kwa mgonjwa hospitalini, itatosha kwake. Wakikutumia kama zimwi, kataa mbele yake, kwa heshima lakini kwa sauti. Mimi sasa nikiambiwa "utakuwa kama anti yako" huwa najibu, "Akiwa kama mimi atakuwa na mtu wa kumsaidia mpwa wake na vipeo." Wanacheka. Mtoto anacheka pia, na hiyo ndiyo maana ya kusema. Wakikutumia kama nyota, wewe uliyepita na kwenda shule kubwa, kataa vile vile. Mwambie kuhusu usiku uliolia bwenini. Mwambie kuna waliokaa dawati moja nawe wakiwa wakali kuliko wewe na leo hawajulikani walipo.

Na jioni ile ya mwisho, msimpigie simu kumi. Msimtumie video za mahubiri. Msimwambie ukoo mzima uko nyuma yake, maana mtu mwenye ukoo mzima mgongoni hawezi kusimama wima. Mwulizeni kama amekula. Mwangalieni kama kalamu zinaandika. Mwambieni kesho akirudi kutakuwa na chapati, apite asipite, kisha zimeni taa mumwache alale.